Safu ya Mengineyo

Daftari nililokabidhiwa mwaka 2004 lilikuwa na jalada gumu jeusi, kona zake nyekundu. Nililichora safu saba kwa rula: mafuta, karabai, nyavu, injini, ushuru, wavuvi, na ya mwisho mengineyo. Hiyo ya mwisho niliiachia upana wa vidole viwili, kwa kuwa sikuona kitu gani kingeingia humo ambacho hakina safu yake. Mwaka wa pili ulipoanza ilinibidi nichore daftari jipya, na mengineyo nikayapa karibu nusu ya ukurasa.

Nilikuwa na miaka 20, nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko wa kusomeka. Kazi yenyewe ilikuwa ukarani kwa tajiri mmoja wa dagaa pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Huku kwetu ufukweni tajiri ni cheo cha kazi, kama vile nahodha. Ni yule mwenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, pamoja na injini, nyavu na karabai, na wavuvi ni watu wake. Wa kwangu alikuwa na vipe vinne. Mama yangu alimwanikia dagaa tangu mimi niko darasa la pili, na baba alipofariki ni tajiri huyo aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne. Nalitaja hilo mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichofanya baadaye. Nilimpenda yule mzee. Nilimwamkia shikamoo kwa moyo wote, naye akaitikia marahaba mwanangu, na aliposema mwanangu alimaanisha.

Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza. Karabai zinaning'inizwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikikua, mwanga wa karabai haufui dafu, vipe vinakaa ufukweni, na kwa siku kadhaa watu wanashona nyavu, wanalala, wanakopa. Giza likirudi na samaki wakiuzwa, kwanza yanatolewa matumizi, kisha kinachobaki kinagawanywa, fungu la tajiri na fungu la wavuvi. Hapo ndipo kalamu yangu ilipopata kazi. Glasi ya karabai ikivunjika, alikatwa aliyeishika. Wavu ukichanika kwenye mwamba, walikatwa wote waliokuwa kwenye kipe. Mtu akipitiwa na usingizi akakosa safari moja, alikatwa usiku ule na nusu ya unaofuata. Sikuwahi kuona kosa la mvuvi likifika siku ya tatu bila kupata bei yake. Hata mvua ya ghafla ikiwanyeshea dagaa mchangani, mama zetu walikatwa.

Tajiri alikuwa na neno lake juu ya hilo na hakulificha. Alisema mtu asiyelipia kosa lake hulirudia. Nakubaliana naye hadi leo.

Ila mwanawe wa kiume, mmoja tu katikati ya mabinti watano, makosa yake hayakuwa na safu. Mara ya kwanza nilisimama na kalamu mkononi nikauliza, "Mzee, hii niiandike wapi?" Kijana alikuwa amegombana na mtu kule Mwanga, wakavunja kioo cha duka, na mwenye duka amekuja kutaja bei. Mzee alifikiri kidogo akasema, "Andika mengineyo." Sikuuliza tena. Mengineyo, kioo. Mengineyo, simu ya mwalimu iliyopotea. Mengineyo, faini ya pikipiki ya mtu. Mengineyo, nauli ya kwenda Tabora na ada ya shule mpya, katikati ya muhula.

Hiyo nauli ya Tabora siwezi kuipita haraka. Ilikuwa mwaka 2005. Kijana alikuwa kidato cha tatu, na binti wa jirani wa kidato hicho hicho akaonekana ana mimba. Binti alimtaja. Kwa taratibu za wakati ule msichana mwenye mimba alifukuzwa shule na hakuwa na njia ya kurudi katika mfumo rasmi. Njia hiyo serikali ilikuja kuifungua Novemba 2021. Mvulana hakufukuzwa na mtu. Alipanda treni na sanduku jipya la bati, akahamia shule ya kulipia, na miezi michache baadaye alikuwa akipiga simu ofisini kuomba hela ya viatu vya mpira. Kwenye daftari langu habari nzima ilichukua mistari miwili: nauli na ada mstari mmoja, kanga doti tatu na mchele kwa wazazi wa binti mstari wa pili. Yule binti anauza mihogo ya kukaanga karibu na stesheni. Akiniona huniita dada, kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo tangu utotoni, na kila nikinunua mihogo kwake nayaona macho ya mtu aliyekuwa akiongoza darasa lao kwa hesabu.

Sasa nifike masika ya 2008.

Kijana alikuwa amerudi, ana miaka 20, shule imemwishia vibaya, anaendesha pikiapu ya baba yake. Hakuwa na leseni. Wote tulijua, na mimi nilijua kuliko wote kwa kuwa leseni ya dereva wetu ilikuwa kwenye faili langu na ya kwake haikuwamo. Jioni moja, akishuka kutoka Mwandiga, alimgonga kwa nyuma mwendesha baiskeli aliyekuwa akileta mawese mjini, madumu manne.

Nilifika baadaye kidogo, nimetumwa na tajiri na fedha kwenye mkoba. Mawese yalikuwa yametiririka hadi mtaroni, mekundu, watu wanapita pembeni wakiinua nguo zao wasiteleze. Mtu mwenyewe alikuwa ameketishwa chini ya mwembe, mguu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Alikuwa baba mtu mzima, wa miaka arobaini na kitu. Hakuwa anapiga kelele. Aliniuliza kama kuna dumu lililopona.

Moja lilikuwa limepona.

Nilikimbilia kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, maana majeruhi wa ajali bila fomu ile alihangaika. Kijana sikumwona. Alikuwa amepelekwa nyumbani apumzike, amepata mshtuko. Kesho yake aliripoti kituoni akiwa na baba yake, na mwenyekiti wa mtaa ameshafika na barua na muhuri, na mfanyabiashara mwenza wa mzee ameshafika kumdhamini. Mtoto yule hakulala mahabusu hata usiku mmoja. Dhamana ni haki, na sisemi alipewa kisicho chake. Nasema tu kwamba alikuwa na wadhamini wanne wanaosubiri nje, na wawili walirudishwa kwa kuwa hawakuhitajika.

Siku ya nne tajiri aliniita. Alikuwa hajalala, alionekana. Katika siku zile alikwenda hospitali asubuhi na jioni, akalipa dawa, akalipa plasta, akamlisha uji yule majeruhi kwa mkono wake mwenyewe. Niliona kwa macho yangu. Akasema, "Mwanangu, yule bwana amekubali tuyamalize. Chukua karatasi nzuri uandike." Nikaandika alivyotamka:

"Nakiri kwamba nilikata kona ghafla bila kuangalia nyuma. Dereva hana kosa. Nimepokea matibabu na fidia kwa hiari yangu, na sina madai yoyote."

Kwenye neno kona nilisimama. Nilikuwa nimezungumza na watu pale barabarani na hakuna aliyesema habari ya kukata kona. Pale pamenyooka. Nilimtazama mzee. Hakunitisha wala hakunikaripia. Alisema, "Ni maneno tu ya karatasi, mtoto asije akaharibikiwa maisha. Huyu bwana tunamtunza." Nikakumbuka ada. Nikakumbuka mama anavyoanza siku saa kumi na moja alfajiri kwenye mchanga wa mzee. Nikaandika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Hospitalini mgonjwa alisema hajui kusoma, nimsomee. Nilimsomea mstari wa matibabu. Nilimsomea mstari wa fidia. Wa kona sikumsomea. Akachovya dole gumba kwenye wino wa muhuri, akabonyeza hapo nilipomwonyesha, akanishukuru. Nakala moja nilimwachia.

Mengineyo, Aprili 2008: matibabu, baiskeli mpya, mawese madumu matatu, mchele, sukari, mkono wa pole. Nilipojumlisha niliona kwamba ni kidogo kuliko tulichotumia mwezi ule ule kunyoosha bampa na kubadili taa ya pikiapu.

Aprili hiyo hiyo, kabla ya ajali, mvuvi mmoja wa kipe cha tatu alikuwa amekamatwa kwa kuuza nusu dumu la petroli ya injini. Aliiba, sitamtetea. Alikiri siku ile ile. Alikaa ndani siku tisa kwa kukosa mdhamini, kwani mdhamini lazima awe na barua ya mtaa na ajulikane anapokaa, na mama yake alikuwa mkulima wa huko Kasulu aliyefika mjini kwa lori, hajui mtu. Alikuja ofisini akapiga magoti mlangoni. Tajiri alimwinua. Akampa chakula na nauli ya kurudi, na kesi akakataa kuifuta. Alimwambia kwa upole kabisa, "Mama yangu, nikimwachia nitakuwa nimekuharibia mwanao. Acha afunzwe sasa, atakuwa mtu."

Nilikuwa nimekaa mezani, hatua tatu kutoka pale. Maneno yale niliyasikia vizuri, na siku chache baadaye ndipo niliposikia yale mengine, ya mtoto asije akaharibikiwa maisha. Yalitoka kinywa kimoja, na yote mawili yalitoka moyoni.

Kesi ya petroli ilisikilizwa Mahakama ya Mwanzo mwezi Mei, nami nilikuwa shahidi. Daftari langu lilipokelewa kuwa kielelezo. Hakimu aliketi na wazee wa baraza, nikaambiwa nifungue ukurasa unaohusika na nisome: tarehe, kipe, lita ngapi. Mzee mmoja wa baraza aliinama akautazama mwandiko wangu, akanisifu. Ukurasa wa Aprili ulikuwa wazi mbele yao wote, safu zote saba, na kila kidole kilikuwa kwenye safu ya kwanza. Kulia kabisa yalikuwepo mawese na baiskeli na matibabu. Hakuna aliyeuliza, na sikutarajia waulize, haikuwa kesi iliyowaleta pale. Lakini mimi nilijikuta nimeweka kiganja juu ya safu ile na sikukiondoa mpaka daftari lilipofungwa.

Mvuvi alifungwa miezi sita. Alipotoka hakuna tajiri wa ufukwe ule aliyemchukua. Nasikia alivuka kwenda upande wa Kongo, na sijamwona tena.

Nikisimulia habari hii watu huniuliza ni shilingi ngapi, na alipewa nani. Kila mtu anataka kusikia bahasha. Mimi niliyeandika kila senti iliyotoka ofisini sikuona bahasha ya ajali ile, na kadiri ninavyofikiri naona haikuhitajika. Watu watano waliona ajali. Mmoja alikuwa mvuvi wetu, anadaiwa fedha aliyokopa siku za mbalamwezi. Mmoja alikuwa mke wa mtu anayetubebea mizigo. Wa tatu alikuwa mpangaji kwenye nyumba ya tajiri. Wa nne mtoto wake alisoma madrasa ambayo mabati yake tajiri aliyanunua, na mama yake wa nne huyo alipofariki, sanda na gari la kumpeleka makaburini vilitoka kwetu. Najua yote hayo kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye daftari langu jingine, la madeni. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mtu aliyekuzikia mama yako hakuombi kitu siku ile ya mazishi, wala halazimiki kukuomba baadaye.

Wa tano alikuwa fundi baiskeli, hadaiwi na mtu. Alikwenda kituoni kwa miguu yake akaeleza alichoona. Baada ya hapo wateja wa mtaani wakaanza kumpita, watu wakamwita mchonganishi, kwamba wenyewe wameshayamaliza kifamilia na majeruhi ameridhika, yeye anataka nini. Kesi ilipokosa mashahidi wengine ikalala. Yule fundi namheshimu kuliko mtu yeyote katika habari hii. Niliwahi kupita kwake nikataka kumwambia hivyo, akaniuliza tairi lina nini, nikasema linapoteza upepo.

Ramadhani ya mwaka ule, Septemba, shehe wetu alidarsisha baada ya alasiri habari ya mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa, aliyeiba. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid akamwombee kwa Mtume, kwa kuwa Mtume alimpenda Usama. Mtume akakasirika. Akasema waliokuwa kabla yenu waliangamia kwa sababu mtukufu alipoiba walimwacha, na mnyonge alipoiba walimwadhibu. Na akaapa kwamba hata angekuwa Fatuma binti yake mwenyewe, asingemwacha. Tulikuwa tumeketi upande wa wanawake, mama akanigusa goti. Tajiri alikuwa safu ya mbele, anajipangusa macho. Alikuwa analia kweli. Nimelifikiria chozi lile kwa miaka mingi, na naamini halikuwa la kuonyesha watu. Nadhani alikuwa anawafikiria wakubwa wa nchi hii na mambo tunayoyasikia redioni. Yeye hakujihesabu mtukufu. Alijihesabu baba.

Niliacha kazi mwaka 2010, siku kijana alipoanza kukaa kwenye kiti cha baba yake. Nikauza vitenge. Mzee alifariki 2014 na nilimlilia kama baba yangu, na sioni haya kulisema.

Mwaka 2018 nilipata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilikuwa imetungwa mwaka mmoja kabla, ikatupa nafasi sisi tusio mawakili kuwaelekeza watu wa kata zetu. Siku za kwanza mkufunzi alitusomea Ibara ya 13 ya Katiba, kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, nikaandika. Akasema kesi ya jinai ni ya Jamhuri, haifutwi na karatasi ya watu wawili waliokubaliana kitandani hospitali. Nikaandika. Kisha akafika kwenye bima. Gari lolote linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na kazi ya bima ile ni kumlipa aliyeumizwa. Hapo nikaacha kuandika.

Bima ile nilikuwa nayo. Kila mwaka nilikwenda kuilipia mwenyewe, nikaweka stakabadhi kwenye faili, nikaiingiza kwenye daftari. Mtu wa mawese alikuwa na mahali pa kudai, na mahali penyewe palikuwa kwenye droo yangu. Ila madai yangehitaji taarifa ya polisi inayosema kilichotokea, na taarifa hiyo ingeonyesha dereva hana leseni. Kwa hiyo uji, plasta na baiskeli mpya viliwekwa njiani, na mimi nikaviandikia karatasi. Mkufunzi akaendelea ubaoni: madai ya madhara, mwisho miaka 3. Nilihesabu kwa vidole chini ya dawati. 2009, 2010, 2011.

Najua wengi wanaosoma habari kama hii hungoja kusikia kwamba mwishowe kijana alilipwa na Mungu. Hajalipwa, kwa ninavyoona mimi. Ana afya. Ana nyumba nzuri na vipe vitatu, na watu humwamkia kwa heshima. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kipe chake kimoja kilikutwa majini usiku. Waliokamatwa ni vijana wanne waliokuwa ndani yake. Yeye alisema walikichukua bila ruhusa. Mama zao walikuja kwangu, tukahangaika pamoja kutafuta wadhamini na barua za mtaa, na safari hii walipatikana siku ya pili.

Kwa ajili ya vijana wale nilikwenda kumwona. Alinipokea vizuri, akaniita dada, akaagiza soda. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hawa hawawezi kuchukua kipe, injini na mafuta yako bila wewe kujua. Usifanye tena kama ya yule baba wa mawese." Akanitazama. Akaniuliza, "Yule wa mawese ndiye yupi, dada?"

Nilidhani anajifanya. Nikamweleza: Mwandiga, masika, pikiapu. Alikunja uso akijitahidi kweli kukumbuka, akasema, "Ah, ile ambayo jamaa aliingia barabarani? Si alipona lakini?" Hakuwa anadanganya. Karatasi yangu alikuwa ameiamini. Tulimlipia kosa, tukamwandikia kisingizio, tukamtunzia kumbukumbu ofisini ili yeye asiibebe, na kwa miaka 16 hakuwa na sababu ya kuigusa. Nilimaliza soda kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Wiki iliyofuata nilipanda daladala hadi Mwandiga, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwake. Nilimkuta chini ya michikichi, ameketi kwenye kigoda, anachambua chikichi kutoka kwenye mkungu. Mguu wa kulia umebaki mfupi. Fimbo iliegemezwa kwenye shina. Baiskeli tuliyomnunulia alishaiuza mwaka ule ule, kwani hakuweza kuipanda tena. Mawese yake hubebwa na wengine, nao huchukua chao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe si karani wa Kibirizi?"

Alinikumbuka kabla sijajitambulisha. Akamwita mkewe aniletee kigoda. Akaanza kumsifu tajiri, Mungu amrehemu, alimlisha kwa mkono wake, wenye mali wangapi wanafanya vile. Nikamwacha aseme. Halafu nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile karatasi, kwamba siku ile sikumsomea yote. Alinyamaza kidogo, akamtuma mkewe ndani. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto, imekunjwa mara nne, dole gumba lake bado linaonekana, jeusi, na juu yake mwandiko wangu.

Nikasoma. Nilipofika kwenye mstari wa kwanza sauti ilinikwama, nikarudia kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilikata kona?" aliuliza.

"Ndivyo nilivyoandika."

"Pale hakuna kona."

"Hakuna, baba."

Mkewe alikuwa ameacha kutwanga. Mzee aliishika fimbo, akaiweka magotini, akakaa hivyo. Kisha akasema kwamba kaka yake, marehemu sasa, alikwenda mjini kuulizia ile ajali, akarudi na habari kwamba mwenye kosa ni mwendesha baiskeli mwenyewe, kaandika kwa dole lake. Tangu hapo kila mtu pale kijijini alijua hivyo. Watoto wake walikua wakijua hivyo, wakipungukiwa kitu humwambia baba, ungeangalia nyuma. "Nami nikakubali," alisema. "Nikasema labda kichwa kiligonga lami, nimesahau. Usiku nalala naitafuta hiyo kona. Naiona barabara yote, kona siioni."

Nilimwomba msamaha. Hakujibu upande wowote, na sikumhimiza. Nilimweleza habari ya bima na ile miaka mitatu, kwa kuwa sikutaka kumficha kitu kingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akamgeukia mkewe. "Waite watoto. Yule mkubwa yuko shambani, mwite naye." Akanirudishia karatasi. "Ngoja wafike, usome tena. Polepole."

Walikuja watatu, mmoja ana jembe bado begani. Nikasimama, nikasoma tena.